Jinsi ya kuchagua kava ya nje ya gari dogo la zamani, kwa sisi wa Mombasa

Nianze na kosa langu mwenyewe manake ndo lilonifunza yote nitakayowaambia hapa. Nina Beetle ya marehemu baba, ya mwaka 1969, nyumbani tunaiita Kobe. Mwaka mmoja mvua za mwezi wa tano zilishika kisawasawa, usiku na mchana, nikaihurumia gari, nikatafuta turubai la plastiki, lile la buluu la kufunikia mizigo, nikaifunika gubigubi mpaka chini, nikazungusha kamba, nikaenda kulala roho imetulia. Wiki tatu sikuifungua. Siku nilofungua, upande wa ndani wa turubai matone yamejipanga kama shanga, rangi ya mbele imetoka vilengelenge vidogo vidogo kama vipele vya joto, usukani una koga jeupe, na viti vinanuka kama nguo zilolala mbichi ndani ya ndoo. Na nilipokagua sikuona pahali hata pamoja mvua ilipoingia. Fundi wa rangi alipokuja kuiona akapitisha kidole juu ya vile vilengelenge, akanambia, "Mwanangu, mvua haijaigusa gari hii. Wewe umeipika. Umeifunika kama wali wa nazi."

Basi hilo ndo jambo la kushika kabla hujatoa hata shilingi. Hapa kwetu maji ya juu ni nusu tu ya shida. Hewa ya Mombasa imelowa mwaka mzima, chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu ukipita kama asilimia 60, na sisi asubuhi nyingi tuko juu ya 80, tena juu yake kuna chumvi ya bahari ambayo yenyewe huvuta maji kutoka hewani ikayashikilia pale pale kwenye bati. Usiku bati linapoa, ile hewa yenye unyevu ilofungiwa chini ya kava inagusa bati baridi inageuka matone, jua likitoka yanageuka mvuke, usiku yanarudi matone. Kwa hivyo ukiingia dukani swali si "je hii haipitishi maji?" peke yake. Uliza pia, maji yakishakuwa ndani, yatapata wapi njia ya kutoka?

Hatua ya 1: Angalia gari linalala wapi

Simama pale unapoegesha, tazama juu, tazama chini, sikiliza upepo. Mtu wa Nyali au Bamburi alo karibu na ufuo hana shida sawa na mtu wa Majengo au Tudor.

Kama gari liko wazi kabisa, mvua na jua vyote vinalipiga, wewe ndo unahitaji kava ya nje ya kweli, ya tabaka kadhaa, na mwongozo huu ni wako wewe hasa. Kama liko chini ya banda la mabati lililo wazi pembeni, usinunue ile nzito isopitisha maji kabisa, mvua inayokufikia ni ya manyunyu ya upepo tu, chukua nyepesi inayopumua vizuri. Na kama liko ndani ya gereji au chini ya gorofa, kitambaa laini cha kuzuia vumbi kinakutosha, hizo za kuvutika zinazobana mwili wa gari zapendeza sana lakini ni za ndani, mvua ya dakika kumi inapenya zote.

Chini nako. Kama unaegesha juu ya mchanga au udongo, ardhi ikilowa inatoa mvuke kwenda juu moja kwa moja tumboni mwa gari, na kava inaushika kama mfuniko wa sufuria. Juu ya kabro au sakafu ya saruji ni afadhali. Kama huna, tandika nailoni nzito ardhini chini ya gari, iwe pana kuliko gari kidogo na iwe na mteremko maji yasituame juu yake. Ni kitu cha bei ndogo na kinasaidia kuliko watu wanavofikiria.

Miti: chini ya mwembe kuna utomvu, chini ya mkungu kuna popo wanaokula usiku na kumwaga masalio, na kunguru wako kila pahali. Kava itakusaidia kwa hayo yote. Chini ya mnazi hakuna kava itakayokusaidia, nazi moja ikidondoka bati limeingia ndani, sogeza gari.

Hatua ya 2: Pima gari kwa mkono wako

Usikubali "hii ni ya gari ndogo, itaingia". S ya muuzaji mmoja ni M ya mwengine. Na kava nyingi zinazouzwa zimekatwa kwa umbo la gari za saluni za sa hizi, ndefu na za chini, wakati magari yetu ni mafupi, yamesimama, yana migongo. Beetle ina urefu kama mita 4.07, upana 1.54 na kimo 1.50. Mini ya zamani ni 3.05 tu kwa 1.41, kimo 1.35. Fiat 500 ya zamani hata mita 3 haifiki. Morris Minor ni kama 3.76, na kimo chake ni 1.52. Ukimvisha Beetle kava ya saluni ya mita nne na nusu, pembeni inaweza kuwa fupi haifiki chini, na mbele imebaki nguo tele inaning'inia.

Pima urefu kutoka bampa hadi bampa kwa mstari ulonyooka, usipitishe futi juu ya mgongo. Pima upana bila vioo vya pembeni, kisha vioo andika mbali. Kimo kiwe na kariya kama unayo. Uliza vipimo vya kava kwa sentimita, si kwa herufi, na upendelee ile inayozidi gari kidogo tu.

Kwa nini nang'ang'ania hapa? Nguo ilozidi hufanya mambo mawili mabaya. La kwanza ni kupiga. Upepo wa kusi ukianza, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, kava iliyolegea inapapatika usiku kucha, na chini yake kuna vumbi la mchanga, kwa hivyo unakuwa umeweka msasa juu ya rangi. Na rangi za magari yetu ya zamani, zile ambazo hazikupigwa vanishi juu, ni laini, zinachubuka upesi pembezoni mwa madigadi na kwenye kingo za milango. La pili ni kutuama. Nguo ikibonyea baina ya boneti na digadi panakuwa na kidimbwi, na maji yaliyosimama yanasukuma kuingia vibaya zaidi kuliko maji yanayoteremka.

Angalia pia masikio. Kava nyingi zimeshonewa mifuko ya vioo vya pembeni pale vinapokaa kwa gari za leo. Gari la zamani kioo chake pengine ni kimoja tu, kidogo cha mviringo, kiko upande wa dereva, au kiko mbele juu ya digadi. Ile mifuko mitupu inajaa upepo na maji. Chukua isokuwa na masikio.

Hatua ya 3: Kitambaa

Hapa ndo pesa yako inaenda, hebu tukae kidogo.

Plastiki tupu ya PVC haipitishi maji hata tone, na ndo sababu nasema isiguse gari lako. Haipumui. Tena jua letu likiipiga inakuwa laini, inaweza kunata kwenye rangi na kuacha alama isotoka. Turubai la lori ni vivyo hivyo, na juu yake ni gumu na zito, kona zake zinakwaruza.

Zile zinazofanana na karatasi laini, za tabaka tatu mpaka tano, ni polipropilini. Hizi zinapumua, ni nyepesi, hazili rangi, na mvua ya kawaida inateremka. Ubaya wake ni jua. Polipropilini isowekwa dawa ya kuzuia miale inachoka haraka, tena sisi tuko digrii nne tu kusini ya ikweta. Utajua imechoka ukiisugua kwa kidole ikaacha unga, baada ya hapo siku yoyote ukiivuta inachanika mkononi.

Poliesta yenye mpako kwa ndani ndo ilonisaidia mimi. Utaona imeandikwa 150D, 210D, 300D, 600D. Hiyo D ni denier, uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000, kwa hivyo namba kubwa ni uzi mnene. Lakini usidhani 600D ni bora kwa sababu ni kubwa, kwa gari dogo lenye rangi laini inakuwa kama gunia, nzito kuvaa, nzito ikilowa. Mimi ningekaa kwenye 150 mpaka 300 yenye bitana laini ndani. Kuna namba nyengine, kama 1500mm au 3000mm, hiyo ni kimo cha nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaistahimili kabla hakijaanza kupenyeza. 1500 kwa mvua ya kuteremka inatosha, 3000 ni afadhali kwa sisi tunaopata mvua ya mwezi wa tano, na ukivuka hapo mara nyingi unanunua namba huku upumuaji unapungua. Kama ni ya poliesta hakikisha ina matundu ya hewa yalofunikwa kwa vijibawa pande mbili, kitambaa chenye mpako hakipumui vya kutosha chenyewe.

Halafu kuna akriliki iloingizwa rangi kwenye uzi wenyewe kabla ya kufumwa, kama ile ya miavuli mizuri ya hotelini. Kwa jua hii ndo bingwa na inapumua. Bei yake ni kali. Alo na uwezo asisite.

Rangi ya nje ichukue ya fedha au kijivu cheupe, nyeusi inachemsha gari. Na upande wa ndani uwe laini ukiushika, kama fulana ya mtoto. Kuna watu hutandika leso kuukuu za mama chini ya turubai ili zisikwaruze, nawaelewa, leso ni laini, lakini ni pamba, inakunywa maji na kukaa nayo, unakuwa umelivisha gari nguo mbichi.

Mwenye Morris Minor Traveller, ile yenye mbao nyuma, nakuomba sana usije ukajaribu kava isopumua. Ile si pambo, ni fremu ya mti wa ash iloshika mwili wa nyuma wa gari, ikioza umeingia gharama kubwa.

Hatua ya 4: Majaribio matatu, kabla hujalipa

Muuzaji mwema hatakukataza. Jaribu la kwanza, weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, inapumua. Ikigoma kabisa, hiyo ni ya mpako, sasa tafuta matundu yake yako wapi. La pili, kunja pembe ya kava iwe kama kikombe, mimina maji ya kunywa kidogo, shika chini kwa kiganja ukae dakika tano ukiongea naye bei. Kiganja kikiwa kikavu endelea. La tatu ndo nalipenda, beba CD ya zamani, sugua upande wa kung'aa kwa ile bitana ya ndani, mara ishirini kwa nguvu ya kawaida, halafu igeuze kwenye mwanga. Ukiona mistari, rangi ya gari lako itakuwa na mistari hiyo hiyo.

Fuata mishono. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri ajabu na maji yakaingia kwenye matundu ya sindano. Geuza ndani uone kama mshono wa juu ya paa umebandikwa utepe au umeunganishwa kwa moto. Bora zaidi kama hakuna mshono katikati ya paa kabisa. Chini kuwe na lastiki mbele na nyuma, na mikanda miwili au mitatu ya kupita tumboni, ya klipu za plastiki na si za chuma, manake klipu ya chuma ukiitupa upande wa pili inagonga rangi, na hapa kwetu itashika kutu ikutie alama.

Hatua ya 5: Ukikosa saizi, shonesha

Fundi wa kushona viti vya gari anaiweza kazi hii, na kwa Mini au Fiat mara nyingi ndo njia ya pekee ya kupata inayokaa. Mpelekee gari lenyewe, si vipimo. Mwambie mambo manne tu: uzi uwe wa poliesta (wa pamba jua linaumaliza), mishono iwe pembeni na si juu ya paa, pindo likunjwe mara mbili, na mbele pashonwe alama ya kitambaa chekundu ili usiku wa mvua usivishe kinyume. Mimi yangu ya sasa ilishonwa hivo. Fundi alikaa na chaki akichora juu ya kitambaa huku Kobe imesimama pale mlangoni, alipofika kwenye mgongo wa nyuma akapunguza vidole viwili tu kila upande, na kwa vile vidole viwili kava imekaa kama kanzu ya Idi.

Hatua ya 6: Kutayarisha gari

Usifunike gari chafu, usifunike gari bichi, na usifunike ekzosi ikiwa moto. Kwa Beetle injini iko nyuma na inakaa na joto muda mrefu, ngoja saa moja.

Kuosha kwenyewe kuna mtego. Majumbani mwetu wengi maji ni ya kisima na ya kisima yana chumvi, unaosha gari na kulipaka chumvi papo hapo. Osha na hayo kama huna budi, lakini maji ya mwisho yawe matamu, mtungi mmoja wa lita 20 kwa gari dogo unatosha ukimimina polepole kuanzia paa, na usisahau chini ya madigadi. Futa, acha milango wazi likauke.

Kagua raba za vioo na milango kabla. Kama raba ya kioo cha nyuma imepasuka na zulia limelowa, kava yoyote itafungia yale maji ndani, na kwa Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya bati la sakafu, pale kutu hupenda mno. Rekebisha raba kwanza. Ukishavisha kava inayopumua, acha kioo nafasi ya kidole kimoja ili hewa ya ndani nayo itoke.

Kufunga: mikanda chini ya tumbo, ivute ishike lakini isinyonge. Usiweke mawe kwenye pindo, usipitishe kamba juu ya boneti. Pale penye ncha kali, kama kona za bampa au kitasa, shonea kiraka cha kitambaa kinene kwa ndani ya kava.

Hatua ya 7: Kuishi nayo

Kava si ya kuvisha ukasahau. Mara moja kwa wiki, siku ya jua, vua baina ya saa nne asubuhi na saa tisa, fungua milango, gari lipate hewa, kava nayo ianikwe. Wakati wa masika jua likichungulia hata nusu saa, nenda kafungue. Kinyesi cha kunguru kwenye kava kitoe siku hiyo hiyo. Osha kava kwa sabuni laini ya maji, si ya unga na si dawa ya kung'arisha nguo, zinaua ule mpako.

Kuvua kuna namna yake: kunja pande zote mbili zije juu ya paa, kisha viringisha kutoka nyuma kwenda mbele. Hivo upande mchafu wa nje haugusani na wa ndani. Ukiivuta tu ikaburura chini, umeokota mchanga, na mchanga huo kesho uko juu ya rangi.

Hatua ya mwisho: asubuhi baada ya mvua ya kwanza

Kabla jua halijapanda, inua pindo la nyuma, ingiza mkono mkavu, upitishe juu ya bati la mgongo, kisha upande wa ndani wa kava yenyewe. Vyote vikavu, uko sawa. Bati lina maji mahali pamoja au kwenye mstari, huo ni mshono, rudisha kava kama bado una risiti au mpelekee fundi abandike. Bati lina umande mwembamba kila pahali na kava imelowa ndani sawasawa, basi hiyo si mvua, ni jasho, kava yako haipumui. Ongeza matundu, inua pindo kidogo lisiguse ardhi, tandika ile nailoni chini, na angalia tena kesho yake. Ikiwa bado, ivue, na mpaka upate nyengine gari likae wazi mvuani likauke na upepo. Naliongea hili nikiwa nimelipia rangi ya mbele yote ya Kobe upya.